Bwana Usumbufu na Mmea Usiotaka Maji

Mume wa mama yangu mdogo mtaa mzima unamwita Bwana Usumbufu, na jina hilo alijipa mwenyewe bila kujua. Kila alichokipenda duniani alikisifu kwa neno moja: "Hakina usumbufu." Viatu vyake vya plastiki, kwa sababu haviombi rangi. Mashati yake ya kitambaa kile kisichojikunja, ambacho ukikivaa juani unachemka kama kiazi, lakini pasi hakiijui. Maua ya plastiki juu ya kabati la sebuleni, ambayo hayajawahi kunyauka wala kupanguswa, mpaka yote yakawa rangi moja, rangi ya vumbi. Saa ya ukutani nayo ilikuwa ya betri, haitaki kutiwa ufunguo. Betri ikaisha. Kununua nyingine ni usumbufu. Nyumba ile imekuwa saa nne asubuhi tangu mimi nikisoma shule ya msingi.

Kazi yake alikuwa mtunza stoo wa kiwanda cha magodoro. Sitanii. Kuna watu riziki huwafuata na tabia zao. Godoro halivunjiki, halipigi kelele, halikimbii, na mtunza stoo akitaka kulikagua vizuri sharti alilalie. Baba mdogo alikagua kwa bidii miaka yote hiyo mpaka akastaafu, na wenzake wakamzawadia godoro.

Mama mdogo alikuwa mshonaji wa sare za shule. Cherehani yake ilikaa kwenye veranda ya nyumba, na yangu kando yake, kwa kuwa yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Kwa hiyo haya nisemayo sikuhadithiwa. Niliyaona nikiwa nimeketi palepale, mguu kwenye pedali na pini mdomoni, na pini ndizo zilizonifanya ninyamaze siku nyingi nilizopaswa kusema.

Mji wetu ni mkavu. Mvua ni mgeni asiyekaa, na maji ya bomba huja yanapojisikia. Ndiyo maana kwetu maji hayamwagwi mara moja. Yaliyooshea mchele yanaloweka vyombo, yaliyosuza nguo yanapiga deki, na mwanamke anayemwaga maji safi barabarani atasemwa mpaka ahame. Mama mdogo yeye maji yake ya mwisho aliyapeleka kwenye maua. Alikuwa na waridi, mrehani, na asumini iliyopanda ukuta mpaka kwenye dirisha la sebule. Kila asubuhi alibeba ndoo yake ya bati, akainama, akamwaga kikombe kwa kikombe, huku akiyasemesha.

"Hamjambo? Mmelala salama? Mimi nimelala. Mgongo unauma, lakini nimwambie nani? Mwenye nyumba jana kala, kafuta mdomo, hakuniuliza hata kama nami nimekula. Haya, kunyweni."

Mtaa ulikuwa ukipita pale kwenda kazini, na wote walisikia. Mkunga mstaafu wa nyumba ya mbele alikuwa akisogeza kiti chake makusudi. Alisema afadhali ile kuliko taarifa ya habari. Baadaye wanawake waliingia kuomba vipande vya kupanda kwao, wakakaa, wakaongea, na mama mdogo hakuwahi kumnyima mtu kitawi. Mtu mmoja tu hakusikia kitu. Alikuwa sebuleni, chini ya dirisha la asumini, kwenye kiti chake, hana hili wala lile.

Basi binti yao, aliyeolewa mji wa mbali, akajifungua mtoto wake wa kwanza, na mama mdogo akaitwa akamlee mzazi. Siku ya kuondoka alisimama mbele ya kiti cha mumewe, begi begani.

"Baba, mimi naenda. Nakuomba maji ya kusuzia usiyamwage barabarani, yapeleke kwenye maua. Na lingine. Safari hii sirudi mpaka uniite. Uniite wewe, kwa mdomo wako."

Baba mdogo akacheka. "Nikuite? Kwani wewe mgeni?"

"Uniite tu," akasema mama mdogo, akatoka.

Kisa cha maneno hayo nakijua. Mwaka aliofanyiwa upasuaji alilala hospitali mpaka mishono ikakauka, na mumewe hakwenda hata mara moja. Alisema harufu ya hospitali inampa kizunguzungu. Siku mama mdogo aliporudi, mimi nimemshika mkono na yeye ameshika ukuta, neno la kwanza aliloambiwa mlangoni lilikuwa: "Hivi chumvi huwa unaiweka wapi?" Nilitamani kumrushia mtu rula yangu ya mbao. Mama mdogo akajibu, "Kwenye kopo la bluu," akaenda kulala.

Alipoondoka sasa, yale maji ya kusuzia nayo yakageuka usumbufu. Kubeba ndoo, kuinama, kikombe kwa kikombe, jamani, mtu mzima na kiinua mgongo chake. Waridi likaanza kukunja majani. Ndipo baba mdogo, akitembeatembea kutafuta kivuli cha kukalia, akaangukia kwa muuza miche wa njia panda, na muuza miche akamwonyesha yuka.

Kama hujaiona, yuka ni mmea wa jangwani. Shina moja gumu, na juu yake kichwa cha majani marefu yaliyochongoka kama visu, yamesimama kila upande kana kwamba yanangoja mtu aguse. Jua hailijali, vumbi hailiulizi. Muuza miche alimwambia hii ndiyo bustani ya wenye akili katika miji mikavu: panda, zungushia kokoto nyeupe, kaa chini. Akampa sharti moja tu.

"Mzee, usiimwagilie. Mizizi yake haipendi unyevu. Ukiizidishia maji, unaiua."

Nadhani mzee yule alikaribia kulia kwa furaha. Maisha yake yote alikuwa akitafuta kitu ambacho kukitunza ni kukiacha.

Kesho yake alileta kibarua. Mimi nilikuja na mtandio wangu wa kazi shingoni nikakuta waridi limelala barabarani, mizizi juu, na asumini inavutwa ukutani kama nywele. Nikauliza ni nini hiki. Baba mdogo alikuwa kwenye kiti, amekunja nne, anasimamia.

"Namwandalia mama yako mdogo zawadi," akasema. "Akirudi atapumzika. Hakuna tena kubeba ndoo."

Nikamwambia, "Baba, yeye anapumzikia hapo hapo kwenye ndoo."

"Nyie vijana hamwelewi," akanijibu, na kibarua akaendelea kung'oa.

Yuka tatu zikapandwa, kokoto nyeupe zikamwagwa, na pale palipokuwa na nyuki pakawa kama mbele ya ofisi ya serikali. Watu wakaja kutazama. Mkunga alivuka barabara, akaizunguka ile ya katikati, akatingisha kichwa.

"Huu si mkonge?"

"Si mkonge, mama. Hii ni yuka."

"Mimi nimekata mkonge utotoni mpaka viganja vikapasuka. Nikakimbilia mjini ili nisiuone tena. Leo wewe unaulipia?"

"Mkonge na yuka ni vitu viwili," akasema baba mdogo kwa upole wa mtu aliyeelimika tangu jana. Kisha akaanza hotuba yake, ambayo tuliisikia mpaka tukaikariri. "Hii haitaki maji. Haitaki mbolea. Haitaki kusemeshwa. Unaweza kuondoka mwezi mzima, ukirudi unaikuta palepale, haijanuna, haijakudai kitu."

Mkunga akamtazama. "Kama mkeo," akasema.

Wanawake waliokuwepo wote wakaangalia chini. Mimi nilishona mkono wa shati kwenye shingo. Na mwenyewe sasa, unajua alifanya nini? Alifurahi. Alipiga paja akasema, "Hasa! Umenena. Mama watoto hana usumbufu hata kidogo." Kuanzia siku hiyo akaiongeza kwenye hotuba yake. Kila aliyesimama langoni aliambiwa: yuka, kama mke wangu.

Mama mdogo alikuwa akinipigia simu mimi. Swali lake la kwanza halikubadilika.

"Ameniulizia?"

"Bado, mama."

"Sawa. Na maua yangu hayajambo?"

Hapo nilikwama. Nikamweleza.

"Yote?"

"Yote, mama."

"Na asumini?"

"Nayo."

Nikamsikia anavuta pumzi. Halafu akaanza kunieleza jinsi mtoto anavyopenda kulala kifudifudi. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wazee walisema, na mimi nilipokata simu nikafumua mshono uliokuwa sawa, kwa hasira.

Nilimwendea baba mdogo nikamwambia waziwazi. Mpigie mkeo. Mwite. Alisema umwite. Akanijibu, "Angekuwa na shida angesema. Mama yako mdogo si mtu wa kubembelezwa." Binti yao alipopiga simu na kusema mama huyu hapa karibu yangu, nimpe? baba mdogo alisema, "Aa, msalimie tu." Tena alisema hivyo huku hana kazi yoyote ya kufanya.

Miezi ikaenda. Sijui ni lini hasa mambo yalipoanza kumgeuka, maana alianza kuvuja polepole, kama bomba bovu. Kwanza hakukuwa na watu langoni. Nani aje kuomba kitawi cha kisu? Ukiigusa yuka inakutoboa, kwa hiyo wanawake walipita upande wa pili wa barabara na watoto wao. Kisha chumvi ikaisha kwenye kopo la bluu, na kopo halikujijaza. Mashati yasiyojikunja yakaonekana kumbe yanachafuka. Nikamwona siku moja anafua, mwenyewe, mgongo umepinda, anasuza kola kwa vidole viwili kama anayemwosha kuku. Alipomaliza akabaki na beseni la maji mikononi. Akatazama barabarani. Mkunga alikuwa kwenye kiti chake, anamwangalia aone kama atathubutu.

Hakuthubutu. Akageuka, akaenda kuimwagia yuka.

Nikatoa pini mdomoni. "Baba, uliambiwa haitaki maji."

"Kidogo tu, mwanangu. Jua lenyewe hili. Nani anakaa bila maji?"

"Wapo," nikasema.

Hakunisikia, au alijifanya hamnazo. Kesho yake akarudia. Kesho kutwa akaitafuta ile ndoo ya bati, akaikuta nyuma ya mlango wa jiko, akaanza kubeba asubuhi na jioni. Tena akatafuta na kikombe. Na wiki iliyofuata, Mungu shahidi yangu, nilimsikia.

"Hamjambo? Mmelala salama? Mimi sikulala vizuri. Godoro lile zuri, lakini limekuwa kubwa."

Nikasimamisha cherehani nisije nikakosa neno. Mtu aliyeishi maisha yake yote bila kumuuliza kiumbe hai kama amelala, leo ameinama kwenye kokoto anauliza visu. Nilimcheka, sikatai. Nilicheka mpaka nikajikuta nafuta machozi kwa kipande cha kaki, na sikujua ni ya kicheko au ya nini. Kwa nini hakuwa na kikombe hiki siku zile za mishono? Hiyo ndiyo hasira yangu, na hadi leo haijaisha.

Yuka zikaanza kulegea. Majani ya chini yakawa ya njano, kichwa cha ile ya katikati kikainamia ukuta. Baba mdogo akasema zina kiu. Akaongeza maji. Zikazidi kulegea, akazidi kuongeza, mpaka kokoto zikaota ukijani na harufu ya kuoza ikafika kwenye veranda yetu. Muuza miche alipoitwa alikuja, akabonyeza shina, akajifuta kidole kwenye suruali. "Mzee," alisema, "nilikupa sharti moja." Akaondoka anatingisha kichwa.

Mama mdogo alikuja siku ya katikati ya wiki, asubuhi, bila kumwambia mtu. Mimi ndiye niliyemwona kwanza langoni, na nikauona na mfuko wake. Ulikuwa mfuko mdogo, wa kutembelea.

Baba mdogo alikuwa ameinama kwenye yuka na kikombe mkononi. Aliposikia hodi alificha kikombe nyuma yake kama mtoto aliyenaswa akilamba sukari.

"Mama watoto! Karibu. Umerudi?"

"Habari za hapa, baba?"

"Nzuri. Nzuri sana. Umerudi?"

Mama mdogo akatazama ukuta uliokuwa na asumini, akatazama kokoto. Akachuchumaa kwenye ile yuka ya katikati na kubonyeza shina kwa kidole. Kidole kikazama kama kwenye papai lililopitiliza.

"Unaimwagilia?"

"Kidogo."

"Kila siku?"

"Asubuhi. Na jioni, jua likizidi."

"Na kuisemesha, unaisemesha?"

Baba mdogo akanitazama mimi. Mimi nikatazama mshono wangu. "Kidogo," akasema.

Mama mdogo hakuinuka. Alikuwa anaitazama ile ndoo ya bati, ambayo mpini wake aliufunga mwenyewe kwa kitambaa ili usimkate kiganja.

"Kumbe ndoo ulikuwa unajua inapokaa," akasema.

Alisema taratibu, hata sauti hakuipandisha. Baba mdogo akakitoa kile kikombe mgongoni. Mwisho akasema, "Lakini hukuwahi kuniambia kitu. Wewe hukuwahi kusema."

"Nilisema. Nilikuwa nikisema kila asubuhi, hapa hapa ulipochuchumaa wewe, chini ya dirisha lako. Muulize mkunga. Muulize muuza mkate. Mtaa mzima ulisikia."

Ng'ambo ya barabara mkunga aliinuka kwenye kiti. Alikuwa ameshika kitawi cha asumini kilichofungwa kitambaa kibichi. Ndipo nikaelewa mama mdogo alifuata nini. Alitoka, akapita nyumba kwa nyumba, na kila aliyewahi kupewa kitawi alimkatia kimoja: waridi kwa muuza mkate, mrehani kwa mke wa fundi baiskeli, asumini kwa mkunga. Ule mfuko mdogo ukajaa mpaka majani yakatokeza juu. Binti yake ana kijibustani mbele ya nyumba, akasema, na mjukuu lazima ajue harufu ya bibi yake.

Baba mdogo alikuwa ametoa kiti chake cha sebuleni, kile chake mwenyewe, akakiweka nje na kukipangusa kwa mkono. Hakuna aliyekikalia. Mama mdogo aliponipita akanishika bega, akaniambia nile vizuri. Mumewe akamfuata mpaka langoni.

"Sasa utarudi lini?"

"Nilikwambia uniite."

"Basi nakuita. Si nakuita sasa?"

Mama mdogo akamtazama, na nilidhani atalainika, maana alikuwa bado anampenda, hilo lilionekana hata kwa kipofu.

"Hujaniita, baba," akasema. "Umeniona tu. Ndoo nakuachia, naona umeizoea."

Akaenda kungojea gari njia kuu.

Kesho yake asubuhi nilipofika nilimkuta baba mdogo amesimama kwenye kokoto na ndoo imejaa. Yuka zote tatu zilikuwa zimelala. Alikuwa akigeuka huku na huku na ndoo yake, hana pa kumwaga. Mkunga naye alikuwa kitini, lakini kwa mara ya kwanza hakuwa anamtazama.

Nikaketi, nikatia uzi. Akaiweka ndoo chini, akaja veranda, akasimama mbele ya cherehani yangu.

"Mwanangu," akasema, "namba ya mama yako mdogo unayo?"

Nilidhani sikusikia vizuri. "Wewe huna?"

"Sikuwahi kuihitaji. Alikuwa hapa hapa."

Nikasukuma kitambaa kando. Akatoa simu yake, haikuwa na chaji. Akaangaza macho mezani, akaokota chaki yangu ya kukatia, akafungua kiganja. Nikaanza kumtajia, tarakimu moja moja, naye akaandika. Lakini mkono ulikuwa bado umelowa maji ya ndoo, na chaki haikushika. Akaandika tena juu yake, ikawa uji.

"Kakaushe mikono kwanza, baba," nikamwambia. "Nitakutajia tena."